Mahari Iliyofuata Gari

Gari langu lilikuwa na redio kabla nyumba yangu haijawa na sakafu ya saruji. Nasema gari langu, kwa sababu wapo waliozoea kusema gari la mume wangu, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasahihisha. "La mama hilo," anasema. "Mimi nina ng'ombe." Ndivyo tulivyogawana dunia. Yeye ng'ombe, mimi mpunga. Nilikuwa nanunua mpunga mashambani huku kwetu upande wa Ushirombo, naupeleka Kahama kwa magari ya watu, gunia kwa gunia, mpaka padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya akaniuzia pikapu yake ya kijani. Shule niliishia darasa la pili. Lakini mizani iliyochezewa naiona nikiwa bado barabarani.

Redio ile haikubandikwa baadaye. Ilikuja na gari toka kiwandani, imezama pale mbele ya dereva kama jino kwenye ufizi. Ilikuwa na vifundo viwili na kioo chembamba chenye mshale mwekundu. Kifundo cha kushoto ni cha sauti, cha kulia ni cha kutafutia stesheni, ingawa stesheni ya kutafuta ilikuwa moja tu, ya taifa. Nikiingia sokoni Kahama naifungulia taarifa ya habari, watu wanageuka. Nusu ya hizo habari sikuzielewa. Sikuhitaji kuzielewa. Nilihitaji wageuke.

Kasoro yake ilikuwa moja. Haikuwa na mdomo wa kaseti. Ulisikiliza ulichopewa, saa uliyopewa.

Sasa, mwanangu wa kwanza alikuwa anaoa. Huyu mwanangu ana moyo mzuri na mikono ya kazi, lakini hasemi. Ukimwuliza jambo asubuhi, jibu linakuja jioni, na linakuja fupi. Wasichana wawili walikuwa wameshamkataa. Wa pili aliwaambia watu kisimani kwamba kukaa naye ni kama kukaa na nguzo, ila nguzo angalau unaweza kuanikia nguo. Kwa hiyo nilipopata habari za nyumba moja nje kidogo ya Runzewe yenye binti wa kuolewa, nilikwenda mwenyewe kumtazama kabla sijamtuma mshenga. Nikamkuta kwenye tope la mto, amemshika ndama mkia, anamvuta, anamtukana, na huku anacheka. Nyumba yao haikuwa na mtoto wa kiume, basi yeye ndiye alikuwa mchungaji. Nikarudi nikamwambia mume wangu, "Huyu ndiye. Anaweza kusema kwa niaba ya wawili. Huyu akitutoka, mtoto wetu atazeekea hapa jikoni kwangu."

Baba wa binti alikuwa mzee mfupi, koti la sufu mwaka mzima, jua la kupasua mawe nalo analivalia koti. Kila alilosema kwake lilikuwa sheria. Mahari alitaka ng'ombe, na si ng'ombe tu. "Sitaki ng'ombe wa mnadani wasiojuana," alimwambia mshenga. "Nataka waliokulia zizi moja, wanaomjua mchungaji mmoja." Basi mume wangu akatoa katika kundi lake mwenyewe, wale aliowazalisha kwa mikono yake. Siku walipoondoka aliingia ndani akajifunika shuka mchana, akasema ana malaria. Malaria gani inayoondoka mtu akiletewa ugali.

Lazima nieleze habari ya mluzi, maana bila mluzi hamtaelewa kitu. Kwetu ng'ombe hanywi maji kimyakimya. Akifika mtoni, mchungaji anampigia mluzi, mrefu, unaopanda na kushuka polepole, na ng'ombe akiusikia anajua maji ni salama, anainamisha kichwa. Upo mluzi wa kunywesha, upo na mluzi wa kurudi zizini. Na kila mchungaji ana wake, kama sauti ya mtu. Mume wangu alikuwa akipiga wake, ng'ombe walioko ng'ambo ya kilima wanaacha majani wanakuja mbio. Ila mwanamke hapigi mluzi. Akipiga, wanasema anaita balaa. Mimi nina pengo mbele, balaa haliwezi kunisikia hata nikilihitaji.

Wiki ya harusi, mdogo wangu wa kiume akarudi kutoka machimboni, huko Bulyanhulu. Dhahabu hakuja nayo. Alikuja na kikaseti cha mfukoni, kidogo kama kipande cha sabuni, na waya wenye vispika viwili vya kuziba masikioni.

"Dada, hebu sikiliza."

Akanivalisha. Nikamsikia mume wangu anapiga mluzi katikati ya kichwa changu, na wakati huohuo mume wangu yuko mbele yangu anakula karanga. Nilipiga kelele nikavitupa vile vispika, kuku wakadhani ni chakula.

Kumbe mara ya mwisho alipotutembelea, yule mdogo wangu alikwenda mtoni na shemeji yake akamrekodi anawanywesha ng'ombe, upande mzima wa kaseti. "Huko machimboni watu wanagombania mawe mpaka alfajiri," akasema. "Nikimsikia shemeji ananywesha ng'ombe, nalala." Upande wa pili wa ile kaseti alikuwa amerekodi nyimbo za dansi kutoka redioni. Pande zote mbili kwenye kaseti moja, kwa sababu miaka ile, miaka ya kupanga foleni ya sabuni, kaseti tupu huipati kwa pesa wala kwa machozi.

Mimi nyimbo za dansi ndizo nilizozisikia. Nilikuwa nimeambiwa kwamba dada wa huyo bibi harusi alichukuliwa kwa trekta lenye wapiga ngoma juu ya tela, na shangazi yao alikuwa bado anaitangaza habari hiyo kila penye wanawake watatu. Nikamwambia mdogo wangu, "Hicho kitaimba ndani ya gari langu."

"Dada, hiki kinaimba masikioni tu."

"Basi tutalipa gari masikio."

Tukaenda Kahama kwa fundi redio. Alikuwa na kibanda karibu na soko, kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Alilala chali ndani ya pikapu yangu, miguu nje, akaichomoa redio, akaivua bati lake, akaitazama muda mrefu.

"Mama, hapa hakuna tundu la kuchomekea kitu. Redio hii haikutarajia mgeni."

"Mtobolee mgeni mlango."

Akanionyesha. Sauti yote inayotoka stesheni, alisema, lazima ipite kwenye kile kifundo cha sauti ndipo iende kwenye spika, kama ng'ombe wanavyopita mlango wa zizi. Yeye ataleta waya wa kikaseti aulehemu palepale mlangoni. "Ila kwanza nikate njia ya stesheni, niweke swichi. Ukitaka redio, swichi huku. Ukitaka kaseti, swichi kule. Nisipokata, vitapita vyote viwili pamoja."

"Unataka kuikata redio yangu?"

"Mahali padogo tu, mama. Kama ukucha."

"Kiwandani waliikata?"

"Hapana, lakini..."

"Basi na wewe hukati."

"Dada," mdogo wangu akanong'ona, "fundi anajua."

"Anajua redio. Yangu haijui."

Fundi akamtazama mdogo wangu kama mtu anayetazama mgonjwa mwenzake. Kisha akachukua ule waya wa vispika vya masikioni, akakata vispika, tii, tii, akabakiza waya na pini yake ya kuchomekea. Mdogo wangu aliruka.

"Fundi! Nitalala na nini?"

"Unataka harusi au unataka usingizi?" fundi akamjibu, na akawasha mkaa wa kupashia kisu chake cha kulehemu. Moshi wa risasi ukapanda. Akamaliza, akairudisha redio kinywani mwake, na ule waya ukaning'inia chini ya vifundo kama ulimi wa mbwa. Akachomeka kikaseti. Ikaimba! Ikaimba ndani ya gari langu, na nyuma yake msomaji anasoma bei ya pamba.

"Vyote viwili," fundi akasema. "Nilikwambia. Basi ukipiga kaseti, zungusha mshale mpaka mwisho kabisa wa kioo, ambako hakuna stesheni. Usiuguse tena." Kisha akatuonyesha jambo la nyongeza. Akabonyeza vitufe viwili vya kurekodia, akakohoa juu ya kikaseti, na kikohozi chake kikatoka kwenye spika ya gari. "Umeona? Kinasikia pia. Lakini angalia, ukirekodi kinafuta cha zamani."

Spika ya gari ilikuwa ndogo, na mimi sikutaka kuwaimbia abiria. Nikamwomba katekista wetu kile kipaza sauti cha kanisa chenye mdomo mpana kama ua la boga. Tukakifunga juu ya kichwa cha pikapu kwa mipira ya kufungia magunia, kikatazama nyuma, fundi akaunganisha waya. Gitaa zikatoka nyembamba kama mbu. Ngoma ya dansi haikusikika kabisa.

"Hiki hakijui sauti nzito," fundi akasema. "Kinajua sauti kali tu, ile ya juu."

Hilo neno nililisikia, nikalipita.

Siku ya harusi misa iliisha vizuri, bibi harusi akarudi kwao kuagwa. Mchana tukaelekea kwa wakwe kumchukua bibi harusi. Kwa desturi mama wa bwana harusi anabaki nyumbani kumpokea mkwe. Mimi nilikwenda, gari ni langu. Mume wangu alibaki. Mdogo wangu aliendesha, mimi pembeni yake na kikaseti mapajani, mwanangu na wenzake wamesimama nyuma wanaimba mpaka hawasikii kipaza sauti. Karibu na nyumba ya wakwe kuna mto mdogo wenye daraja la mbao. Tulipopanda daraja gari likaruka, na ule mshale mwekundu ukaruka nao. Hakuna aliyeona. Tuliingia uani kwa wakwe, kipaza sauti kinalia dansi la mapenzi, na juu ya dansi sauti ya mwanamume inasema kwa upole, "...anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, mazishi yatafanyika kesho..."

Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa mbele na vigelegele vyake tayari mdomoni. Vikageukia hewani vikawa kilio. Wanawake wakaitikia. Mmoja akajitupa chini. Yule mzee wa koti akavua kofia akaja dirishani kwangu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu, mkwe. Ni mtu wa Mtwara."

"Mtwara?"

"Redioni, mkwe. Hatumjui."

"Mmeniletea msiba wa Mtwara kwenye harusi yangu? Hamkupata wa karibu?"

Mdogo wangu alikuwa anapigana na kifundo, ametoka jasho. Nikashuka, nikajifunga kanga vizuri, nikasema kwa sauti ya sokoni, "Mtwara wamekufa, Mungu awapokee. Sisi huku tunaoana. Chakula kiko wapi?" Aliyejitupa chini akainuka akajipangusa, kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Shangazi peke yake aliendelea kulia kidogo, alikuwa ameshaanza na hakupenda kupoteza. Aliponipita alinong'ona, "Trekta halikutuletea maiti."

Tukala. Tukacheza. Jua lilipoanza kushuka wakamtoa bibi harusi, amefunikwa kanga toka kichwani mpaka magotini, analia kama inavyotakiwa. Bibi harusi wetu halii kwa huzuni, analia kwa adabu, na huyu alilia vizuri sana, kwa vituo. Nikampandisha katikati, mimi dirishani, mdogo wangu kwenye usukani. Shangazi akapandishwa nyuma amsindikize. Gari likaondoka polepole ili majirani wote watuone.

Hapo upande wa dansi ukaisha. Tap. Mdogo wangu, mkono mmoja kwenye usukani, akaitoa kaseti akaigeuza akairudisha. Hakufikiri. Na mimi ningejuaje? Sijui kusoma kaseti.

Mluzi wa mume wangu ukatoka juu ya gari.

Sitadanganya, sikuusikia. Mtu anayelala karibu na mashine ya kusaga hasikii mashine. Nimeishi na mluzi ule tangu nikiwa msichana, masikio yangu yalishaumaliza. Nilichosikia mimi ni miiba inavunjika. Uzio wa zizi la mkwe ulikuwa wa miiba mizuri, minene, na ulikuwa unavunjika kwa ndani. Kisha walioko nyuma wakaanza kupiga bati la gari. Nikatazama kioo cha pembeni. Kilikuwa kimejaa pembe.

Walikuwa wanakuja wote. Wale ng'ombe wa mume wangu, mikia juu, wanafuata kile kipaza sauti kama waumini. Nyuma yao watu wa harusi, na nyuma ya watu wa harusi mzee wa koti na fimbo yake, na ingawa alikuwa nyuma kuliko wote sauti yake ilikuwa imetutangulia.

"Mahari inarudi! Mahari inarudi kwao!"

Nyuma ya gari mwanangu akaniinamia dirishani. Tangu asubuhi alikuwa hajasema kitu, hata kanisani padri alimwuliza mara ya pili.

"Mama."

"Nini?"

"Ng'ombe."

"Nimewaona!"

Mdogo wangu akachanganyikiwa, akakanyaga mafuta badala ya breki. Tukavuka daraja kwa mruko, na ng'ambo ya pili gari likazimika. Redio haikuzimika. Mluzi ukaendelea, mtamu, wa kuitana majini. Ng'ombe wakafika kwenye daraja wakasongamana. Mbele yao alikuwa yule jike mweusi mwenye baka jeupe, mpenzi wa mume wangu, akainusa mbao ya kwanza.

Mzee wa koti akapanda kichuguu. "Sikilizeni! Mahari ikivuka mto kurudi ilikotoka, ndoa imekufa! Ndivyo ilivyo kwetu, na ndivyo ilivyo kwenu! Akivuka hata mmoja, mtoto wangu anashuka!"

Na kweli ndivyo ilivyo kwetu. Ng'ombe wakirudi, ndoa imerudi. Hajawahi mtu kuuliza kama walirudishwa au walirudi wenyewe, maana hakuna ng'ombe aliyewahi kumtaliki mtu kwa hiari yake. Nikamwona mwanangu jikoni kwangu, mzee, ananyamaza.

"Zima!" nikamwambia mdogo wangu. Akazima. Kimya. Ng'ombe wakasimama, wakalitazama gari. Yule mweusi akaona bwana wake ameacha kuita, labda ana shida, akaweka mguu juu ya daraja. Watu wakamchapa fimbo. Mguu wa pili.

"Turudi kinyumenyume," mdogo wangu akasema.

"Juu ya ng'ombe?"

"Basi twende mbele."

"Watufuate mpaka nyumbani? Mpumbavu mkubwa wewe, ulikuwa unaimbia nani?"

Hapo nikagundua kwamba katikati yetu kilio kimekoma. Kanga ikajifunua kidogo. Macho makavu kabisa. Bibi harusi akatazama nyuma kupitia kioo kidogo, akatazama mto, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, "Mama, hapo ndipo ninapowanywesha. Tangu walipokuja, kila siku ni mimi. Wananijua."

"Basi waambie!"

Akatoa kichwa dirishani juu yangu, akapiga mluzi. Alikuwa amenikalia nusu, nilihisi ubavu wake ukipanda na kushuka. Lakini ng'ambo ile watu wote walikuwa wanapiga kelele, na shangazi nyuma yetu anapiga kelele zaidi ya wote, mluzi ukafia hapohapo. Akarudi ndani akakigusa kikaseti.

"Mjomba, hiki kinapokea sauti?"

Mdogo wangu akakikumbatia. "Kinapokea. Lakini kitamfuta shemeji! Dada, mwambie, kitamfuta shemeji wote! Nitalala na nini?"

"Bonyeza!"

"Dada..."

"Bonyeza, mbwa wewe, kabla sijakufuta wewe!"

Akabonyeza vile vitufe viwili, huku amefumba macho. Binti akakiweka mdomoni, akalowesha midomo.

Nimeyasikia mengi kwenye kipaza sauti kile. Injili, matangazo ya michango, majina ya wanaooana. Sijasikia kitu kama hicho. Mluzi wa kunywesha, wa kwake mwenyewe, mkali, unapanda mpaka unadhani umekwisha, kisha unapanda tena. Fundi alisema kweli, kilikuwa kinaijua sauti ya juu. Kelele za watu zikakatika kama kamba. Ng'ombe wakageuza masikio. Kisha mmoja akaacha kulitazama gari, akateremka ukingoni, akainamisha kichwa. Na mwingine. Wakajipanga wakanywa, pale walipokuwa wakinywa kila siku.

"Bibi harusi anapiga mluzi!" shangazi akalia. "Mwanamke! Kwa chombo cha kanisa!"

"Mama, nyamaza," akasema mwanangu. Nilidhani ananiambia mimi. Kumbe alikuwa anamwambia shangazi, na hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema siku ya harusi yake.

Binti akawaacha wanywe. Hakuharakisha. Kisha akabadilisha, akapiga ule wa kurudi zizini, mfupi mfupi, unaosukuma, na wale ng'ombe wakainua vichwa, midomo inadondoka maji, wakageuka. Kundi zima likawapita wageni wa harusi, likampita mzee pale juu ya kichuguu, likashika njia ya kwake. Akabaki yule jike mweusi, miguu ya mbele darajani, ya nyuma chini. Alilitazama gari langu. Nami nilimtazama, na nikamwambia kimoyomoyo, nenda mama, hata mimi niliolewa mbali. Binti akampigia mluzi wake peke yake. Akarudi kinyumenyume, mguu kwa mguu, akawafuata wenzake.

Mzee akateremka kichuguuni, akaja mpaka katikati ya daraja, akainama akakagua mbao. Alikuta alama ya kwato.

"Huyu amevuka," akasema.

Nikashuka garini. "Mkwe, huyo amekanyaga."

"Amekanyaga mbao ya tatu."

"Mimi nikiingiza kichwa dirishani kwako, nitakuwa nimelala kwako?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifikiri kwa haki kabisa, fimbo chini ya kidevu, na jua linatuchungulia. Mwishowe akatangaza, "Ng'ombe anavuka kwa miguu ya nyuma." Sheria hiyo haikuwahi kusikika kabla, na mpaka leo huko Runzewe wapo wanaoitaja kama ya mababu.

Kisha akaja dirishani kwa binti yake. Binti alikuwa ameshajifunika tena, na kilio kimeanza upya, kwa vituo vilevile. Mzee akakohoa.

"Nani alipiga mluzi?"

Kilio kikaendelea.

"Ni mluzi wangu ule," akawaambia watu, akivuta koti lake. "Nilimfundisha mimi." Akavaa kofia akaenda kuziba uzio.

Tulifika nyumbani giza linaingia, bila muziki. Mume wangu alikuwa chumbani, kwa sababu baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai pamoja, hawatazamani usoni, hawasemeshani. Ndiyo heshima. Nikamweleza yote mlangoni. Nilipofika pale mluzi wake ulipofutwa akavuta shuka, nikadhani malaria imerudi.

Mdogo wangu ndiye aliyeomboleza waziwazi. Usiku ule alilala ndani ya pikapu, amechomeka kikaseti chake, anausikiliza mluzi wa binti kwa sauti ya chini mpaka betri ya gari ikafa. Asubuhi ilibidi wageni walisukume gari langu mpaka barabarani, wakiwa na nguo za harusi.

Lilipowaka, mume wangu akatoka. Akaingia garini, akafunga mlango, akapandisha kioo. "Niwekee," akasema. Nikamwekea. Akasikiliza mluzi wa kunywesha, akasikiliza wa kurudi zizini. Katikati sauti yangu ikatoka, safi kabisa, "Kazana mwanangu! Na wewe fala toa mkono hapo!" Uso wake haukubadilika. Kilipoisha akashusha kioo kidogo.

"Mwambie huyo mtoto," akasema, "mwisho anaukata mapema. Ng'ombe wa nyuma hawausikii."

Nikavuka ua nikaenda jikoni, alikokuwa ameinamia moto, mkwe wangu, siku yake ya kwanza. Nikamfikishia. Hakuinua kichwa.

"Mwambie baba, wale wa nyuma wanasikia. Ni wakaidi tu. Walilelewa vibaya."

Nikarudi nikamwambia. Mdomo ukamcheza, akakipandisha kioo upesi mpaka juu. Lakini gari lile lilikuwa na springi laini, na mimi niliyesimama nje niliona linatikisika.